Kuondosha Motokaa Bila Kishindo

Maneno haya ni ya mazungumzo kwa ajili ya watu wanaojifunza kuendesha motokaa, na kwa wale waliokwisha kupata leseni lakini bado huona haya wanapoondoka mbele za watu.

Kila aliyepita karibu na uwanja ambamo watu hufundishwa kuendesha motokaa amepata kuona jambo hili. Gari lenye kibao cha herufi L limesimama, injini yanguruma, mara gari laruka mbele kama chura, lajitikisa mara mbili tatu, kisha injini yazimika. Watoto walio kando hucheka. Mwanafunzi aliye ndani hujifuta jasho, hugeuza ufunguo tena, na mambo huwa yale yale. Akirudi nyumbani jioni huwaambia watu wake ya kuwa mguu wake ni mzito, au ya kuwa yeye ni mzee mno kwa kazi hii, au ya kuwa gari la shule ni bovu.

Mara chache kosa huwa ni la mguu, na mara chache zaidi huwa ni la gari. Mwanafunzi yule ameambiwa afanye nini, lakini hakuambiwa kwa nini. Ameambiwa, "Achilia klachi polepole." Basi huiachilia polepole tangu chini hata juu, kwa mwendo mmoja, na bado gari huruka. Huona kwamba ametii na hakufaulu. Ni kweli ametii. Neno aliloambiwa ndilo halikutosha.

Chini ya sakafu, nyuma ya injini, pana gurudumu zito la chuma. Gurudumu hilo limefungwa kwenye injini yenyewe, nalo huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Linaloelekeana nalo ni sahani nyembamba ya mviringo, iliyovikwa pande zote mbili kitu kigumu chenye kukwaruza, mfano wa kile kilichomo katika breki. Mafundi huiita pleti ya klachi. Sahani hii imeungana na giaboksi, na kwa njia ya giaboksi imeungana na magurudumu yaliyo barabarani. Springi zenye nguvu huibana juu ya gurudumu la injini, hata vitu hivyo viwili vikazunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga klachi, mbano ule huondolewa, sahani huachana na gurudumu, na injini huzunguka peke yake. Magurudumu ya barabarani hayana habari nayo.

Sasa yafaa kufikiri hali ilivyo gari linaposimama. Injini haiwezi kuzunguka polepole kama mtu apendavyo. Hata isipokanyagiwa mafuta, huzunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika, na ikilazimishwa kushuka chini sana ya hapo, hufa. Magurudumu nayo hayazunguki hata mara moja. Kimoja kinakimbia, kingine kimelala, na kazi ya klachi ni kuvikutanisha. Vikikutanishwa kwa ghafula, ama aliyelala atashtuliwa akimbie, ndipo gari liruke, ama yule akimbiaye atasimamishwa, ndipo injini izimike. Mara nyingi yote mawili hutokea, moja baada ya lingine.

Hesabu ndogo itaonyesha wazi. Katika gia ya kwanza, magari mengi madogo yana giaboksi iliyopangwa hivi kwamba injini huzunguka kama mara 14 ili gurudumu la barabarani lizunguke mara moja. Injini ikienda mara 800 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 57 hivi, na gari litakwenda karibu kilometa 6 na nusu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu aendaye kwa miguu kwa haraka. Basi klachi ikiwa imefungika kabisa katika gia ya kwanza, gari haliwezi kwenda chini sana ya mwendo huo bila kutetemeka na kuzimika. Tangu kusimama hata kufikia kilometa hizo 6, hakuna njia nyingine ila kuiacha sahani iteleze juu ya gurudumu la injini, ikishika kidogo kidogo, mpaka vyote viwili vienende sawa. Mteleko huo ndio ufundi wenyewe. Huchukua sekunde mbili au tatu tu, na mwanafunzi ambaye hakuambiwa kwamba upo hawezi kuungojea.

Wakulima walimao kwa ng'ombe wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Mnyororo wa plau ukiwa umelegea, na ng'ombe wakapigwa mjeledi ghafula, mnyororo hukazika kwa kishindo. Nira huwaumiza shingo, na pengine pete ya mnyororo hukatika. Mlimaji mwema huwapeleka hatua moja, mnyororo ukaze, ndipo awaambie wavute.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yamepitwa na wakati, kwa sababu magari mengi madogo yaingiayo Kenya kutoka Japani hujibadilishia gia yenyewe na hayana pedeli ya klachi. Ni kweli kwa mwenye gari la kwendea ofisini. Lakini mtu atakaye kazi ya udereva, au mwenye mzigo wa kupeleka sokoni, hana budi kukutana na klachi. Malori, mabasi ya shule, matatu nyingi na piki-apu nyingi bado zina gia za kubadilishwa kwa mkono.

Na uwekwe hapa mfano wa mama mmoja wa Kinangop, mkulima wa viazi, mwenye umri wa miaka 52. Alinunua piki-apu iliyokwisha kutumika, lakini hakujua kuiendesha. Kila siku ya soko alimlipa dereva ampelekee viazi Soko Mjinga, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Dereva huyo alikuja apendapo. Siku moja hakuja kabisa, na magunia yakashinda kando ya njia yakinyeshewa mvua. Ndipo mama yule akaamua kujifunza mwenyewe, ijapokuwa wanawe walimcheka. Mwalimu aliyempata alikuwa kijana ambaye angaliweza kuwa mtoto wake.

Siku mbili za kwanza mambo hayakwenda vizuri. Siku ya tatu kijana yule alilisimamisha gari katika uwanja tambarare, akasema, "Mama, leo ondoa mguu wa kulia kwenye mafuta kabisa. Uweke sakafuni. Leo hatutumii mafuta."

"Sasa mwalimu, gari litaendaje bila mafuta?"

"Litakwenda. Tia gia ya kwanza. Achilia klachi mpaka usikie sauti ya injini imebadilika. Ukiisikia, usiuinue mguu tena hata kidogo, hata mtu akikupigia honi."

Mama akaachilia. Klachi ikapanda, ikapanda, na hakuna lililotokea. Kisha injini, iliyokuwa ikiimba kwa sauti moja, ikashuka sauti kidogo kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Sakafu ikatetemeka.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Ngoja, mama. Ngoja."

Gari likaanza kwenda lenyewe, polepole kuliko mtoto aendaye shule bila kupenda. Mama hakufanya kitu. Alikuwa amengoja tu. Lilipokwisha kwenda kama urefu wake mara mbili, kijana akamwambia amalizie kuuinua mguu, naye akauinua, wala gari halikujua kama mguu umeinuliwa.

Mahali hapo ambapo sauti hushuka, madereva wa Kenya hupaita balansi, na kuushika mguu hapo huitwa kubalansi klachi. Jambo la kukumbuka ni kwamba pedeli ya klachi haina kazi sawa katika njia yake yote. Sehemu ya chini haifanyi kitu, kwa maana sahani bado iko mbali. Sehemu ya juu pia haifanyi kitu, kwa maana sahani imekwisha kubanwa. Kazi yote imo katika nafasi ndogo iliyo katikati, ambayo pengine haizidi upana wa vidole viwili. Kwa hiyo mtu aiachiliaye klachi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho hupoteza uvumilivu wake mahali pasipo na kazi, na hupapita mahali penye kazi kwa haraka ile ile. Dereva mwenye ujuzi hupandisha mguu upesi hata kwenye balansi, husimama hapo mpaka gari limekwisha kwenda, kisha huuondoa bila wasiwasi. Amtazamaye kutoka nje hudhani ameufanya mwendo mmoja laini. Kumbe amesimama katikati.

Balansi haiko mahali pamoja katika magari yote. Katika gari moja hushika karibu na sakafu, katika jingine hushika juu, hasa sahani ikiwa imechakaa. Basi mtu akipewa gari asilolizoea, halimpi aibu kuitafuta kwanza, mahali patupu, kabla ya kuingia barabarani.

Zoezi lile la kuondoka bila mafuta lingefaa kufanywa na kila mwanafunzi mara 20 au 30 kabla hajaruhusiwa kugusa pedeli ya kulia. Halina gharama kubwa, na hufundisha mguu wa kushoto peke yake, bila ya ule wa kulia kuuharibia kazi. Injini za dizeli, ambazo zina nguvu hata zikizunguka polepole, hulikubali upesi sana. Za petroli nyingi za siku hizi hulikubali pia. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi hukaa saa nyingi mbele ya ule ubao wenye mfano wa mji, wakisukuma vigari vya kuchezea kuzunguka njia panda, hata wanaujua ubao kama sala, na saa za kuijua klachi huwa chache. Ubao una faida yake, kwa maana wafundisha nani apite kwanza. Lakini hauna mlima.

Kuhusu kukaa kitini, machache yatosha. Kiti kiwe karibu kiasi cha kumwezesha mtu kuikanyaga klachi hata mwisho wake bila kunyosha goti kabisa. Viatu viwe vyembamba chini; mwenye kutoka shambani na gambuti zake azivue, kwa kuwa mguu uliovikwa mpira mnene hausikii mtetemo, na mtetemo ndio unaosema balansi imefika.

Mguu wa kushoto ukiisha kuelimika, ndipo mafuta yaongezwe. Hapa wengi hukosea kwa hofu. Wakiogopa injini isizimike, hukanyaga mafuta mengi, injini ikalia kama inayochinjwa, kisha huachilia klachi. Na gari, lililopewa nguvu nyingi kwa ghafula, hurusha vichwa vya abiria nyuma. Mafuta yawe kidogo tu, kiasi cha kuipandisha sauti kutoka mnong'ono hata mazungumzo ya kawaida, tena yawe kabla klachi haijafika kwenye balansi. Mguu wa kulia ukae pale pale, usitikisike, wakati wa kushoto unapofanya kazi. Na kama mtu ameona mambo yamemharibikia, gari linaruka au linakwenda asikotaka, akanyage klachi yote na breki pamoja. Mwanafunzi aliyeshtuka huinua miguu yote miwili, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote, kwa kuwa huifunga klachi wakati ule ule asipotaka.

Sasa mlimani, mahali ambapo mchezo huisha.

Katika kilima ambacho njia hupanda meta 1 kwa kila meta 10, piki-apu yenye uzito wa kilo 1,500, iliyopakiwa magunia 10 ya viazi ya kilo 50, huvutwa nyuma kana kwamba uzito wa kilo 200 umefungwa mkiani mwake. Dereva akiondoa mguu kwenye breki bila kushikiza klachi, gari huanza kurudi. Katika sekunde ya kwanza litarudi karibu nusu meta. Likiachwa sekunde mbili, litakuwa limerudi karibu meta 2. Watu husema, "Lilirudi kidogo tu." Lakini nyuma ya gari katika barabara za Kenya hapakosi mtu: pana bodaboda iliyokaribia mno, pana mwenye mkokoteni anayesukuma akiwa ameinamisha kichwa, pana watoto wavukao. Mwenye mkokoteni hawezi kurudi nyuma. Mzigo wake nao uko mlimani.

Mama wa Kinangop alilipata jambo hili wiki ya pili. Gari lilisimama katika mteremko wa kuingilia barabara kubwa, akiwa ameelekea juu. Nyuma yake palikuwa na mwenye mkokoteni wa kabichi. Alipoondoa mguu kwenye breki kuupeleka kwenye mafuta, gari likarudi. Mwalimu alivuta breki ya mkono mara moja, nalo likasimama. Mwenye mkokoteni alipiga kelele, na maneno aliyoyasema hayafai kupigwa chapa. Hakuumia mtu. Lakini mama alizima injini, akashuka, akaketi kando ya njia, akasema hataki tena, na pesa za mafunzo zibaki huko huko.

Kijana hakumbembeleza sana. Alingoja mwenye mkokoteni apite, kisha akasema, "Mama, hukukosea kwa klachi. Ulikosa mkono wa tatu. Breki ya mkono ndiyo mkono wa tatu."

Na ndivyo ilivyo. Mlimani breki ya mkono huvutwa kwanza, gari likalala juu yake, na miguu yote miwili ikawa huru. Gia ya kwanza hutiwa. Mafuta huongezwa kidogo zaidi kuliko tambarare. Klachi huletwa kwenye balansi. Hapo dereva hana haja ya kubahatisha, kwa sababu gari litamwambia: sauti itashuka, na katika piki-apu isukumwayo na magurudumu ya nyuma, boneti itainuka kidogo na mkia kushuka, kama mnyama ajitayarishaye kuruka. Maana yake ni kwamba injini inavuta mbele, breki inavuta nyuma, na kilima hakina tena la kusema. Ndipo breki ya mkono ishushwe. Mtu akiishusha kabla ya dalili hizo, gari litarudi. Akichelewa sana, sahani itateleza na kuungua.

Jambo la mwisho hilo lina gharama yake. Wako madereva, na wengine ni wa miaka mingi, ambao husimama mlimani katika msongamano wakilizuia gari kwa klachi, nusu imeshika, nusu haikushika, bila kuvuta breki. Wanajiona mafundi. Lakini wakati wote huo gurudumu la injini linaisugua sahani ambayo haiendi popote, na joto halina pa kutokea. Baada ya muda husikika harufu kali ya kitu kinachoungua, na abiria hutazamana. Sahani ambayo ingeweza kudumu miaka mingi humalizika mapema, na kuibadilisha si kazi ya kufungua boneti tu: fundi hana budi kuishusha giaboksi nzima. Dalili ya sahani iliyokwisha ni hii, kwamba dereva hukanyaga mafuta, sauti ya injini hupanda, lakini mwendo wa gari haupandi nao. Pia mguu uliopumzishwa juu ya pedeli wakati wa safari huifanya kazi hiyo hiyo ya uharibifu, ijapokuwa kwa siri zaidi.

Wazee walioendesha magari zamani wataona mafundisho haya kuwa mepesi. Mtambo wa kulinganisha mwendo wa gia ndani ya giaboksi ulianza kuuzwa katika magari ya Cadillac huko Marekani mnamo mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi baadaye magari mengi hayakuwa nao katika gia ya kwanza. Land Rover za kwanza, zilizotokea mwaka 1948, zilikuwa hivyo hata katika gia ya pili. Dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kulinganisha mwendo kwa sikio lake, la sivyo gia zilisaga meno na watu wote wa kijiji wakajua nani anapita. Dereva wa leo ameondolewa taabu hiyo. Ile ya kuondoka haikuondolewa.

Mama wa Kinangop alirudi uwanjani siku ya nne baada ya kuketi kando ya njia. Kwa muda wa wiki moja hakufanya kitu kingine ila mlima: kupanda, kusimama, kuvuta breki ya mkono, kusikiliza, kuondoka. Mwalimu aliweka jiwe dogo nyuma ya gurudumu, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye tairi, ili aone kama gari limerudi. Mwanzoni tairi liligusa jiwe kila mara. Kisha likagusa mara moja katika kumi. Mtahini wa NTSA alipompeleka mlimani siku ya mtihani, alimsimamisha mara mbili, akaandika katika karatasi yake, wala hakusema neno.

Siku ya soko iliyofuata alipakia magunia 10 akaenda mwenyewe, bila kibao cha L. Kwenye mteremko ule ule wa kuingilia barabara kubwa alisimama kungoja lori lipite, na nyuma yake palikuwa tena na mkokoteni, safari hii wa karoti. Akavuta breki ya mkono. Akangoja sauti ishuke. Boneti ikainuka kidogo, akashusha breki, na gari likapanda. Mwenye mkokoteni hakuinua hata kichwa.